Redio, Simu au Spika? Kuchagua Kifaa cha Muziki cha Kutembea Nacho Nyanda za Juu Kusini

Spika yangu ya kwanza ya Bluetooth ilizima Uporoto, mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, hatujamaliza hata mistari minne ya viazi. Watu kumi na mmoja wenye majembe walinyanyua vichwa wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekata umeme. Boksi lilisema inapiga saa kumi na mbili. Ilikuwa imepiga saa mbili kasoro. Nilipoipeleka kwa fundi Mwanjelwa, aliifungua kwa bisibisi ndogo, akatoa betri nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha, akaigeuza nisome: 400 mAh, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Kwenye boksi iliandikwa 2,000.

"Dada, wewe ulinunua boksi," aliniambia.

Tangu hapo nimenunua, nimeazima na nimeuza vifaa vingi, na ndugu zangu kuanzia Tukuyu hadi Mafinga hawatoi hela dukani bila kunipigia kwanza. Nilichokiona ni kwamba wengi wetu tunaanza na sauti: inapiga kwa nguvu, tunalipa. Lakini huku juu, kinachoamua kama kifaa utakuwa nacho mwakani ni mambo mawili: betri, na kama kuna fundi karibu anayeweza kukifungua. Hatua hizi nimezipanga kwa mtazamo huo. Sauti nayo ipo, ila inasubiri zamu yake.

Hatua ya 1: Jiulize utasikilizia wapi

Kabla hujatia mguu dukani, sema kwa sentensi moja kifaa kitakuwa wapi saa nyingi za siku. Sentensi moja tu. "Shambani na watu wengine." "Ndani ya basi la Mbeya kwenda Dar." "Jikoni, mikono ina unga." "Bwenini, wenzangu wamelala." Ukishindwa kuisema, utanunua kitu cha kila mahali, na kitu cha kila mahali kwa kawaida hakifai popote.

Anayesikiliza na wenzake anahitaji spika. Anayesikiliza peke yake anahitaji eafoni nzuri, na kinachozichomekea si jambo kubwa sana. Anayetaka taarifa ya habari, mahubiri na mpira anahitaji redio ya kweli, yenye antena, na hapo simu nyingi za siku hizi zinaachwa nyuma. Mama mkwe wangu wa Tukuyu niliwahi kumpelekea spika ya kisasa yenye taa za rangi. Alinishukuru kwa adabu zote, "ndaga fijo," akaiweka kabatini juu ya sahani za wageni. Niliporudi na redio yenye kitufe kimoja cha kuwashia na gurudumu la kutafutia stesheni, hiyo hata kuku wamekwisha kuizoea.

Hatua ya 2: Betri, betri, betri

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko pengine popote.

Kwanza jua betri ya kifaa ni ya aina gani. Redio nyingi ndogo zinazouzwa masokoni kwetu hutumia BL-5C, ile betri bapa ya simu za Nokia za zamani. Nyingine hutumia 18650, ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zote mbili zinachomoka kwa mkono na zinapatikana kwa muuza vifaa vya simu yeyote. Kundi la tatu ni betri iliyofungiwa ndani na kuunganishwa kwa risasi. Hii si mbaya, lakini siku ikichoka unahitaji fundi, na fundi anahitaji kupata inayolingana nayo kwa ukubwa. Spika nyingi za Bluetooth ziko kundi hili. Mtu anayeishi Kyela au Makete ndani, mbali na fundi, mimi humshauri bila kusita: chukua chenye betri inayochomoka, ununue mbili, moja ikae mfukoni.

Pili, piga hesabu. BL-5C halisi ina 1,020 mAh. Redio ndogo ikipiga kwa sauti ya wastani na kula, tuseme, mAh 150 kila saa, utapata saa sita hadi saba. Ukiongeza sauti hadi mwisho, ulaji unapanda na saa zinapungua, wakati mwingine kwa nusu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kiredio cha BL-5C kinapiga siku tatu mfululizo, tabasamu, endelea na safari.

Tatu, usiogopeshwe na wati za kwenye boksi. Chukua spika iliyoandikwa wati 100 huku betri yake ni 1,200 mAh. Betri hiyo ya volti 3.7 imebeba nguvu ya takriban wati 4.4 kwa saa moja. Kama kweli ingekuwa inatoa wati 100, ingezima kabla wimbo wa kwanza haujafika kiitikio cha pili: haifiki dakika tatu. Zile namba kubwa zikifuatana na herufi PMPO ni za mapambo. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo spika inaitoa mfululizo, na usidharau wati 5 za kweli. Kwa kikundi cha wachimba viazi zinatosha, na jirani wa shamba la pili anaweza kuomba mpunguze.

Betri za 18650 nazo zina uongo wake. Ukiona imeandikwa 9,900 mAh, irudishe. Betri nzuri kabisa za ukubwa huo huishia karibu na 3,500. Hata hiyo pawabenki ya 10,000 mAh usitegemee ikupe 10,000 zote: namba hiyo ni ya betri za ndani za volti 3.7, na zikipandishwa hadi volti 5 za USB, pamoja na joto linalopotea njiani, unabaki na kama 6,000 hivi.

Kuhusu vile vioo vidogo vya sola vinavyobandikwa juu ya redio: kioo cha ukubwa wa kiganja hutoa kama nusu wati jua likiwa kali. Kuijaza BL-5C moja kunahitaji karibu wati 4 kwa muda wa saa moja; kwa nusu wati, hiyo ni jua la kutwa nzima bila wingu. Tukuyu jua la namna hiyo unalisubiri kama mgeni aliyesema atakuja "wiki ijayo". Nunua redio kwa sababu nyingine. Kioo kihesabu kama nyongeza ya muuzaji.

Halafu kuna baridi. Betri za lithiamu hutoa chaji kidogo zikipoa, kwa sababu mambo ya kikemia ndani yake yanakwenda taratibu. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba kule Njombe, Makete au Uporoto, kifaa kilicholala nje kwenye ndoo kinaweza kuonyesha kimeisha na kumbe ni ubaridi. Kiweke ndani ya koti, karibu na mwili, kwa dakika kumi na tano, kisha kiwashe tena. Palipo na sakitu juu ya majani, usikichaji kabla hakijapata joto la ndani ya nyumba. Kuchaji betri hizi chini ya nyuzi 0 kunaziharibu moja kwa moja.

Jambo dogo la mwisho: angalia tundu la chaji. Kama nyumba nzima inatumia USB-C, usilete kifaa chenye pini nyembamba ya Nokia ya zamani. Waya wa peke yake ndio wa kwanza kupotea.

Hatua ya 3: Chagua aina ya kifaa

Redio ndogo ya kadi na flashi. Hiki ndicho ninachowaambia wengi wanunue, ingawa hakina sifa mjini. Kina FM, tundu la memori kadi, tundu la flashi, spika yake mwenyewe na mara nyingi tochi. Kikidondoka kinaokotwa. Fundi anakijua kama anavyojua kiganja chake. Udhaifu wake ni kutafuta wimbo: unabonyeza mbele, mbele, mbele, hadi kidole kinachoka.

Kitochi, yaani simu ya batani. Kama tayari unayo na ina tundu la memori kadi, huenda huhitaji kununua chochote zaidi ya kadi na eafoni. Betri yake inadumu, na tochi nayo ipo. Spika yake ni kali, haina besi, lakini jikoni inasikika.

Simu janja. Ina kila kitu, na shida yake ndiyo hiyo. Muziki unakula betri ile ile inayosubiri simu ya mteja, muamala na picha za harusi. Mdogo wangu anayepasua mbao Mafinga aliacha kusikilizia simu kazini baada ya kukosa tenda moja kwa sababu ya wimbo. Ukiamua kutumia simu, zima data na mwanga wa kioo wakati wa kusikiliza. Ukinunua simu mpya kwa ajili hii, bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ulinganishe na iliyo kwenye boksi. Juni 2016 simu bandia zilizimwa Tanzania nzima, na wenye kukumbuka wanakumbuka. Chungulia pia kama ina tundu la eafoni la milimita 3.5, maana iPhone zililiacha tangu 2016 na kampuni nyingine zikafuata.

Kichezeshi cha MP3 kisicho na simu. Kwa mwanafunzi au mkimbiaji wa asubuhi ni kitu kizuri: chepesi, hakipigiwi, hakina mitandao ya kijamii. Apple waliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini vidogo vya bei nafuu bado vipo. Sharti langu ni moja: kiwe na tundu la kadi, kisitegemee kumbukumbu ya ndani peke yake.

Spika ya Bluetooth. Nzuri kwa kikundi, kwa uwanja wa nyumbani, kwa fundi nguo na wenzake. Chukua ile ambayo pia inapokea memori kadi na waya, ili simu ikizima muziki usife. Na ujue mambo ya Bluetooth: masafa yake ni kama mita 10, ukuta wa tofali au mwili wa mtu unayapunguza, na spika isiyo na namba ya siri inaweza kunaswa na simu ya jirani. Nimekaa kwenye basi, mhubiri wa mtu wa siti ya nyuma akageuka singeli bila mhusika kugusa kitu.

Sabufa sitaizungumzia. Ukiibeba kwenye bodaboda mara mbili utaacha mwenyewe kuiita kifaa cha kutembea nacho.

Hatua ya 4: Milima na mawimbi ya redio

FM, iliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kama mwanga: kilichofichwa na mlima hakiioni. Ndiyo maana mtu wa Iringa mjini anaipata Ebony FM bila kuhangaika, na aliye bondeni, upande wa pili wa mlima, anasikia miungurumo tu. Kabla ya kulaumu redio, panda mita hamsini juu ya mteremko ujaribu tena.

Kama redio ndiyo sababu kuu ya kununua, chagua yenye antena ya kuvuta, iliyofungwa kwa skrubu inayoweza kukazwa. Kwenye simu na vichezeshi vidogo, waya wa eafoni ndio antena, kwa hiyo eafoni zisizo na waya hazitakusaidia kupata stesheni. Anayekaa mahali pasipofikiwa na FM aulizie redio yenye mawimbi ya kati na mafupi pia. Hayo huvuka milima kwa njia yake, hasa usiku.

Hatua ya 5: Kadi na nyimbo

Vifaa vingi vya bei nafuu husoma kadi zilizopangwa kwa FAT32 tu, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili. Kadi za GB 32 na chini huja hivyo. Za GB 64 na zaidi huja na exFAT, na redio yako itakaa kimya kama haijawahi kuziona. Nunua GB 8, 16 au 32, basi.

Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 ni kama MB 4. GB 8 inabeba nyimbo zipatazo 2,000. Ukisikiliza saa nane kila siku, utamaliza wiki mbili hujarudia hata mmoja. Ukitaka ubora wa kilobiti 320, kila wimbo unakaribia MB 10 na idadi inashuka hadi 800 hivi. Kwenye kispika cha elfu ishirini hutasikia tofauti. Kwenye eafoni nzuri utaisikia.

Unapoingiziwa nyimbo laibrari, mwambie kijana mambo matatu. Ziwe MP3, maana redio ndogo nyingi hazisomi aina nyingine za mafaili kama FLAC, na M4A nazo husumbua. Kila aina iwe kwenye folda yake: kwaya huku, zilipendwa kule. Na anakili folda moja baada ya nyingine, si zote kwa pamoja, kwa sababu redio nyingi hupiga kwa mpangilio ule ule nyimbo zilivyoingia kwenye kadi. Nyimbo ulizohifadhi ndani ya programu kama Boomplay au Spotify hazihamishiki kwenye redio. Zimefungwa, zinafunguka ndani ya programu hiyo peke yake.

Kadi bandia zipo tele. Inasema GB 32 na ndani ni 4, nyimbo zinaingia zote, kisha zinagoma kucheza. Njia ya kuigundua ni kuijaza yote siku ya kwanza na kusikiliza zilizoingia mwisho.

Hatua ya 6: Mvua

Mtu wa Tukuyu na Busokelo asome hapa mara mbili. Kwenye boksi tafuta herufi IPX na namba. IPX4 ni kurushiwa matone. IPX5 ni maji ya bomba yanayoelekezwa. IPX7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30. Bila namba hizo, neno la "haiingii maji" ni maneno ya dukani. Hata yenye IPX7, kizibo cha mpira kikiachwa wazi, maji yanaingia kama kwao. Na kiredio kisicho na kinga yoyote kinapona vizuri ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Sauti inapungua kidogo, ila mvua inaishia nje.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda mchana, usiende unakimbilia gari. Beba kadi yako yenye vitu vitatu: wimbo wa kwaya, wimbo wenye besi nzito, na maongezi ya mtu mmoja.

"Kaka, naomba nijaribu kwa kadi yangu."

"Dada, zote ni nzima hizo, zimetoka boksini."

"Najua. Naomba tu niisikie."

Anza na kwaya. Kwaya ya sauti nne, kama zile za Moravian ambazo wengi tumekulia nazo, ndiyo kipimo kikali kuliko vyote. Soprano utaisikia kwenye spika yoyote. Tafuta alto. Kama alto na teno zimekuwa uji mmoja, spika hiyo haina sauti za kati, na wati haziwezi kuirekebisha. Kisha besi: ongeza hadi mwisho, weka kiganja juu ya ganda. Ganda likitetemeka hadi kulia kama bati, teremsha robo. Likiendelea, iache. Mwisho maongezi: kila "s" isikike bila kuchoma sikio.

Sasa yaliyobaki, haraka. Chomeka chaji utikise pini taratibu: taa ikiwaka na kuzimika, tundu limelegea. Zungusha pini ya eafoni, sikio moja lisipotee. Zima kifaa katikati ya maongezi, kiwashe: kinaendelea pale kilipoachia au kinarudi mwanzo? Kwa msikiliza mahubiri ya saa moja hilo ni jambo kubwa. Kama ni Bluetooth, tembea na simu hadi mlangoni, ugeuke umpe spika mgongo. Mwombe mwenye duka afungue mfuniko wa betri, usome mwenyewe namba ya kwenye betri, si ya boksi.

Hela yako yote usiimalizie kwenye kifaa. Mimi hutenga moja ya tano kwa kadi, eafoni na betri ya akiba. Omba risiti iliyoandikwa jina la kifaa, uliza warantii ni siku ngapi na nani anayeipokea.

Hatua ya 8: Masikio yako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Huna kipimo mfukoni, najua. Tumia hiki: ukiwa umevaa eafoni na mtu aliye umbali wa mkono mmoja akazungumza kawaida usimsikie kabisa, punguza. Eafoni zinazoziba tundu la sikio vizuri, zenye vipira vya ukubwa wako, zinakusaidia kusikiliza chini zaidi hata basi likiunguruma kupanda Kitonga. Na kando ya barabara ya TANZAM, yenye malori ya Tunduma, sikio moja liwe wazi. Dereva wa bodaboda, yote mawili.

Wiki ya kwanza

Ukifika nyumbani, ijaze chaji, washa kwa sauti ya wastani, andika saa iliyowaka na saa iliyozima. Fanya hivyo mara mbili. Ikiwa ni nusu ya ulichoahidiwa, irudishe na karatasi yako pamoja na risiti kabla siku za warantii hazijaisha. Mwenye duka hubishana na maneno, lakini saa zilizoandikwa kwa kalamu humtatiza. Ukikiweka kifaa kabatini kwa miezi, kiache na chaji nusu, si tupu. Na chukua rangi ya kucha, uandike herufi ya jina lako chini ya kifaa. Wakati wa mavuno, viredio vyeusi vitano kwenye shamba moja vinafanana kuliko mapacha.